Upanga wa Mathayo 10:34 na Nyumba ya Mukajanga



Wapendwa katika Bwana, wengi hukwazwa na Mathayo 10:34, pale Mfalme wa Amani anaposema kwamba hakuja kuleta amani bali upanga. Wapo waliotaka kuhalalisha vita kwa mstari huu. Hao na wasome mbele kidogo: Bwana anaendelea kwa maneno ya nabii Mika juu ya mwana na baba, mkwe na mavyaa. Luka, katika 12:51, hautaji upanga, asema mafarakano. Tena upanga wa Petro uliamriwa urudi alani.

Basi ni upanga gani? Tunauona Namugongo, 3 Juni 1886. Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka Mwanga, alikuwa na mwana wa kulea, Mbaga Tuzinde, kijana wa miaka 17 hivi. Jamaa zake walimsihi aikane imani, au angalau akubali kufichwa. Alikataa, wala hakuinua mkono wake juu ya mtu. Mzee yule (nasi twamwonea huruma kuliko twavyomhukumu) aliweza kumtendea fadhila moja tu: aliagiza apigwe kwanza shingoni, asije akaungua akiwa hai. Kisha mwili wake ukatiwa motoni pamoja na wenzake.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza Mbaga kuwa mtakatifu, pamoja na wenzake 21. Kila tuombapo maombezi yake, tumwombee na mzee yule.