Chuma kilichokataa kutanuka

Ndugu msikilizaji, mwaka 1920 jina la Albert Einstein lilikuwa limekwisha zagaa katika magazeti ya dunia. Vipimo vilivyochukuliwa wakati wa kupatwa kwa jua mwaka mmoja kabla vilikuwa vimeunga mkono nadharia yake, na alikuwa amependekezwa mara nyingi apewe Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hata hivyo tuzo ya mwaka huo haikwenda kwake. Alipewa Charles Édouard Guillaume, Mswisi wa miaka 59, mtoto wa fundi saa, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kupima jinsi vyuma vinavyorefuka vikipata joto. Mpaka leo wako wanaoutaja uamuzi ule kama kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha, na nitaeleza kwa nini.

Aliyewahi kutazama reli za zamani ameona mwanya ulioachwa kati ya chuma na chuma. Mwanya ule si uzembe wa mafundi. Jua likiwaka reli hurefuka, na isipopata nafasi itapinda. Kwa treni mwanya unatosha kumaliza tatizo, lakini kwa mtu anayetaka kupima kitu kwa usahihi, kutanuka ni balaa, maana kipimo chenyewe kinabadilika mkononi mwake.

Balaa hilo liliwahusu hasa watu wa Sèvres, nje kidogo ya Paris. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita, na huko Sèvres ikaanzishwa ofisi ya kimataifa ya kulinda vipimo. Mwaka 1889 mita rasmi ikawa fimbo ya platini iliyochanganywa na iridi kwa asilimia 10. Ilikuwa fimbo imara, lakini ya bei mbaya, kitu cha kufungiwa kabatini. Viwanda na wapima ardhi wangefanya kazi kwa kutumia nini? Guillaume, aliyeingia katika ofisi hiyo mwaka 1883, alianza kutafuta madini ya bei nafuu.

Mwaka 1895 mkuu wake, J. R. Benoît, alipima chuma kilichochanganywa na nikeli na kromi, akakuta kinatanuka karibu sawa na shaba nyeupe, kupita ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata Guillaume akapata kipande chenye nikeli asilimia 30. Hicho kilifanya kinyume: kilitanuka kwa theluthi moja pungufu ya platini! Chuma peke yake hutanuka kuliko platini, na nikeli peke yake vilevile. Inakuwaje vitu viwili vikichanganywa vizae kitu kisichofanana na mzazi yeyote? Ni kama kuchanganya maji ya moto na ya uvuguvugu, ukapata ya baridi.

Mwingine angeandika tarakimu hizo daftarini na kuendelea na kazi. Guillaume aliomba vipande zaidi kutoka kiwanda cha Imphy, mali ya kampuni iliyoongozwa na Henri Fayol, ndiye yule anayefundishwa katika masomo ya uongozi wa biashara. Kiwanda kikawa kinamyeyushia mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, naye anapima. Nikeli ilipofika asilimia 36, kutanuka kukawa kudogo kuliko kote. Waya wa kilomita moja wa chuma cha kawaida, joto likipanda kwa nyuzi moja ya sentigredi, hurefuka milimita 11 au 12. Waya wa mchanganyiko huu hurefuka milimita moja na kidogo tu. Ukaitwa Invar, yaani usiobadilika.

Faida yake ilionekana upesi katika saa. Saa kubwa ya ukutani huhesabu muda kwa fimbo inayoyumba, na fimbo ikirefuka huyumba polepole zaidi. Fimbo ya chuma cha kawaida, joto likiongezeka nyuzi 10, huichelewesha saa sekunde 5 hivi kwa siku. Ya Invar huichelewesha nusu sekunde tu. Baadaye Guillaume akapata ndugu wa Invar, Elinvar, kwa ajili ya ile springi nyembamba ya saa ya mkono, ambayo ugumu wake haubadiliki joto likibadilika.

Wapima ardhi nao walipumua. Zamani walilaza fimbo moja mbele ya nyingine, kundi zima la watu likihangaika kuzikinga na jua. Sasa walivuta waya wa Invar wa mita 24 na kusonga mbele. Mwaka 1906 handaki la reli la Simplon, kati ya Uswisi na Italia, karibu kilomita 20, lilipimwa kwa nyaya hizo. Guillaume alifunga waya mwingine kutoka chini hadi ghorofa ya pili ya Mnara wa Eiffel, akaonyesha jinsi mnara ule unavyopanda na kushuka kadiri joto linavyobadilika.

Lakini Invar haikuifanya kazi ile hasa iliyokuwa ikitafutiwa. Inapokaa miaka hurefuka yenyewe, kidogo kidogo, hata joto lisipobadilika. Kwa hiyo haikuweza kuwa mita ya kutunzwa milele. Guillaume hakuificha kasoro hiyo; aliipima kama alivyopima mengine.

Siku hizi mchanganyiko huu umo katika matangi ya baadhi ya meli zinazobeba gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Tangi la chuma cha kawaida lingenywea mno kwa baridi hiyo. Umo pia nyumbani, ndugu msikilizaji, katika pasi nyingi za umeme. Mle ndani kuna bapa mbili zilizoshikamanishwa, moja hutanuka na nyingine, mara nyingi ya jamii ya Invar, hugoma. Joto likizidi zinapinda na kukata umeme kabla shati halijaungua.

Na siri yake? Ni sumaku. Joto huzitikisa atomi zikasukumana, lakini papo hapo nguvu ya sumaku ndani ya mchanganyiko hupungua, na kupungua huko huzisogeza atomi karibu. Mambo mawili yanafutana. Sumaku ilishukiwa kwa miaka mingi, lakini ni mwaka 2023 ambapo watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha jinsi hesabu za pande hizo mbili zinavyokaribia kulingana. Guillaume alikuwa amefariki mwaka 1938, hukohuko Sèvres.