Perege Asiyehadaika

Mvuvi wa pwani anayerambaza, chombo kikienda na mshipi ukiburura unyoya mweupe, humhadaa kolekole kwa macho yake mwenyewe. Hila hiyo ilimfuata pia sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950: huko Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, wageni humvua kwa visamaki vya bandia vinavyokokotwa nyuma ya boti. Sangara ni mlaji nyama, kinachokimbia hakiachi.

Lakini chini ya milima ya Ngorongoro, wilayani Karatu, hila hiyo haifui dafu. Perege wa Ziwa Eyasi, wa aina ambayo Hilgendorf aliipa jina la kisayansi mwaka 1905, hula mwani, na unyoya haumwambii kitu. Huyo ni wa nyavu. Ndoana huachiwa kambare, anayenusa chambo hata topeni.

Na hadaa iliyopo huko ni ya ziwa lenyewe. Mvua zikiwa kubwa na mto Sibiti ukifurika, samaki huzaana na kambi za wavuvi huota ufukoni. Ukame ukija, maji hurudi nyuma na kuacha weupe wa chumvi unaometameta kwa mbali kama maji. Wahadzabe, wenyeji wa kale wa kingo hizo, riziki yao waliiweka kwenye mshale, asali, mizizi na ubuyu, si kwenye ziwa. Jirani, chemchemi za Mang'ola hunywesha mashamba ya vitunguu, na huko ndiko kibarua kilipo nyavu zikianikwa.