Mapunye na Shule

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha hapa kambini nilimrudisha nyumbani mtoto mwenye mapunye, nikamwambia asirudi mpaka apone. Mama yake alimpaka mafuta ya kila aina, bila mafanikio. Mtoto akapoteza muhula mzima.

Kosa hilo halikuanza kwangu. Mwaka 1839 daktari Schönlein, Mjerumani, alionyesha kuwa aina moja ya ugonjwa huu huletwa na kuvu, si laana. Hata hivyo watoto waliendelea kufukuzwa shuleni. Mjini Paris, hospitali ya Saint-Louis iliwafungulia shule yao peke yao mwaka 1886. Huko huko, mwaka 1904, daktari Sabouraud alitangaza njia ya kuangusha nywele kwa mionzi ya eksirei. Njia ikaenea. Israeli iliwachoma mionzi maelfu ya watoto wa wahamiaji. Baadaye baadhi yao walipata uvimbe wa ubongo na saratani, na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya kuwalipa fidia. Wageni ndio hujaribiwa kwanza, sisi tunalijua hilo.

Nafuu ilikuja mwaka 1958, vidonge vya griseofulvini vilipoanza kutibu watu. Dawa hufika kwenye mzizi wa unywele, ambako mafuta ya kupaka hayafiki. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, wazazi, msikipasue kwa wembe. Mpelekeni mtoto kwa mganga wa zahanati. Akishaanza vidonge, aachwe asome.

Yule wangu alirudi muhula uliofuata, amevaa kofia. Sikumwambia aivue.