Kabla ya Beijing Kulikuwa na Ngoma

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, huitambui kwa kalenda, huitambua kwa spika. Kutoka Dar es Salaam hadi vijiji vya Ruangwa huku kusini, kabla mgeni rasmi hajashuka garini, fundi mitambo huweka wimbo "Wanawake na Maendeleo" wa Vicky Kamata, na kina mama waliovaa sare za kitenge huviacha viti wakaingia uwanjani. Hapa Chinongwe nimewahi kumwona mwanamke aliyekuwa anapita zake kutoka shambani. Alilitua jembe chini ya mwembe, akacheza mpaka wimbo ukaisha, akalibeba tena akaenda zake.

Wimbo huo ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyimbo nyingi za rika lake zimesahaulika, wenyewe kila mwaka unarudi.

Na kila mwaka, pembeni mwa uwanja, hakosi mzee wa kutikisa kichwa na kusema, "Mambo ya Beijing hayo." Nimelisikia neno hili tangu utotoni. Mke akihoji bei ya korosho aliyouza mumewe, Beijing. Binti akikataa posa, Beijing. Jina la mji wa China likageuka jina la tabia, na wasemaji wengi wakaamini kwamba sauti ya mwanamke ilishushwa uwanja wa ndege mwaka 1995 pamoja na mizigo ya wajumbe waliorudi mkutanoni. Naandika makala haya kwa sababu jambo hilo si kweli, na kwa sababu kulirudia ni kuwanyang'anya bibi zetu kazi yao.

Mkutano wenyewe haukuwa mdogo. Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake ulifanyika Beijing tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995, ukapitisha azimio lililokubaliwa na nchi 189. Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella wa Ukerewe, ambaye mpaka leo watu wanamwita Mama Beijing. Baada ya mkutano huo yalifuata mambo yanayoonekana. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria kali ya makosa ya kujamiiana. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika waziwazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Viti maalumu vya wanawake bungeni, vilivyokuwa asilimia 15 mwaka 1995, vilifika asilimia 30 mwaka 2005. Sina nia ya kuidogosha Beijing. Ila Mongella hakuzaliwa Beijing, na wala waliomtangulia hawakuisubiri.

Kusini hii ya Wamwera, Wayao na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mtoto alikuwa wa upande wa mama yake, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Mwanamke alikuwa na mahali pa kusemea, na mahali hapo palikuwa ngoma. Unyago ni shule iliyofundishwa kwa wimbo na kiuno: makungwi walitunga, wari wakakariri, na jambo lisilotamkika mbele ya wanaume likapata mdundo. Nisiupambe. Nyimbo nyingi za unyago zilimfundisha binti kumtumikia mume, na kwa baadhi ya mabinti sherehe ile ilikuwa mlango wa kuolewa kabla ya kukua. Lakini humo humo wanawake walijifunza kukusanyika bila ruhusa ya mtu, kuchanga fedha, kumtii mwanamke mwenzao na kulitunga neno likasikika mbali. Chama chochote cha siasa kingetamani wanachama wenye ujuzi huo.

Na kimoja kiliwapata.

Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na mikutano yake ilijaa wanaume. John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam mwaka huo aliuliza wanawake wako wapi. Chama kikamtafuta Titi Mohamed, mama Mwislamu aliyezaliwa mwaka 1926. Hakuwa na cheo wala elimu kubwa ya shule. Alichokuwa nacho ni sauti: alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu kuwahusu mwaka 1997, ameeleza vizuri kilichofuata. Bibi Titi hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama. Kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti wake, mweka hazina, sare na siku ya kukutana. Kilizika na kuozesha. Kilichanganya makabila, lugha yake ikiwa Kiswahili. Wanachama walikuwa wauza vitumbua, wapika pombe, wanawake walioachwa na kujitegemea. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakubali. Kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi za TANU, wakati wanaume wengi wenye ajira serikalini walikuwa wanaogopa kuonekana hata karibu na mkutano.

Mimi hapo husimama kila ninapokisoma kisa hiki. Serikali ya kikoloni ilikagua vyama, ikasoma magazeti, ikaandikisha mikutano. Ngoma ya kina mama iliiona mchezo tu. Na katika mchezo huo habari zilisafiri, michango ilikusanywa, na wimbo wa harusi ukabadilishiwa maneno ukawa wa uhuru. Bibi Titi akawa mbunge wa Rufiji na, mwaka 1962, mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Historia yake haikuishia pazuri moja kwa moja: alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, kisha miaka mingi jina lake halikutajwa majukwaani. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Turudi nyumbani. Nachingwea, jirani zetu, watu wengi waijua kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika kwa hasara mwaka 1951. Baada ya karanga walikuja wapigania uhuru wa Msumbiji. Kambi kuu ya mafunzo ya chama chao, FRELIMO, ilikuwa huko, na mwaka 1967 wasichana wapatao 25 kutoka Msumbiji walianza humo mafunzo ya kijeshi ya miezi mitatu, wakawa Kikosi cha Wanawake. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Kazi yao haikuwa bunduki peke yake. Walibeba silaha na chakula, waliuguza, walilea yatima wa vita, na walikwenda vijijini kuwashawishi watu wasiomwamini mwanamke mwenye magwanda. Walipofika kijijini waliimba. Nyimbo za mapambano zilipita lugha kwa lugha, Kireno, Kimakonde na Kiswahili, na kambini Nachingwea hata Kichina kilisikika, kwa kuwa wakufunzi kutoka China walifika kuwafundisha wapiganaji. Josina alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na siku hiyo Msumbiji huiadhimisha kama Siku ya Mwanamke. Nashangaa kwamba mtoto wa shule wa Ruangwa anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusikia jina lake, wakati mafunzo yake yalifanyika jirani tu na kwao.

Kuingia kwa wimbo wa mwanamke kwenye mashine ya kurekodi nako kuna tarehe yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa wazazi waliotoka utumwani, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kati ya nyimbo zake maarufu ni "Kijiti", inayohusu mauaji ya mwanamke na haki iliyopotea mahakamani. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti, na nadhani hakuna jina lililostahili zaidi.

Katika miaka iliyofuata muziki wa dansi ulikuwa wa wanaume karibu wote, na mwanamke aliimbwa zaidi ya alivyoimba, mara nyingi akiwa mlaghai au mpenda fedha. Taarabu ilimrudishia kipaza sauti. Miaka ya 1990 kanda za kina Khadija Kopa zilifika mpaka vibanda vya Nachingwea mjini, na kina mama wakazinunua kwa fedha za ufuta waliouza. Mipasho, yaani vijembe vya nyimbo hizo, mara nyingi ilimlenga mwanamke mwingine, jambo ambalo silifurahii. Ila jukwaa lilikuwa la mwanamke.

Ndipo unapofika wimbo wa Vicky Kamata. Kimuziki ni wimbo wa kucheza, kinanda na mdundo mwepesi, hauna ugumu wa taarabu wala mafumbo ya unyago. Unasema moja kwa moja.

Mwaka 2010 Vicky Kamata aliingia bungeni kutoka Geita kwa viti maalumu, vile vile vilivyoongezeka baada ya 1995. Bibi Titi alitoka kwenye Bomba akaenda bungeni. Mwimbaji huyu naye akatoka jukwaani akaenda bungeni. Kwa mzee wa Beijing pembeni mwa uwanja, hilo ndilo jibu langu.

Mwaka mmoja Chinongwe jenereta lilizimika wimbo ukiwa katikati. Fundi alivuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, likakataa. Mama mmoja wa makamo akaomba ngoma kwa wazee wa jando waliokuja kutumbuiza, akaishika mapajani, na wenzake wakauendeleza wimbo pale ulipokatikia, taratibu kidogo kuliko wa kwenye spika, wakiingiza kibwagizo ambacho sijawahi kukisikia redioni. Jenereta lilipowaka tena, walimwashiria fundi aache kwanza.