Kuhasi paka wa mitaani (maadili)

Kuhasi paka wa mitaani ni njia ya kupunguza paka wasio na mwenyewe: hunaswa, hupigwa nusukaputi, huondolewa uwezo wa kuzaa, kisha hurudishwa walikotoka, ncha ya sikio ikiwa imekatwa iwe alama. Katika mji wa kale wa Lamu, ambako paka wamejaa vichochoroni, swali la kwanza ni kama binadamu ana haki ya kumnyima kiumbe uzazi alioumbiwa. Swali ni zito. Lakini paka jike hubeba mimba kwa takriban siku 65 tu na huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka, na wengi wa watoto hao hufa mapema kwa njaa na maradhi. Kinachozuiliwa hasa ni mateso hayo.

Hoja ya wahifadhi ina nguvu zaidi: paka aliyehasiwa bado huwinda. Katika kisiwa cha Marion, Afrika Kusini, paka 5 waliopelekwa mwaka 1949 walizaana wakafikia takriban 3,400 mwaka 1977, wakiteketeza ndege wa baharini, hadi wakamalizwa mwaka 1991. Huko kuua kulikuwa na sababu ya haki. Lamu ni tofauti: paka wake huishi kwa mabaki ya samaki na huruma ya watu, na wakiuawa, wengine huijaza nafasi yao. Ila kuhasi wachache tu ni kuwaumiza bure. Lazima wawe wengi wa kundi, na kazi iendelee kila mwaka.