Kisu Kilichobaki Mfukoni

Asubuhi moja nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga, mbuzi wa Idi alijisokotea kamba shingoni. Alikuwa ameuzunguka mwembe mara sijui ngapi, kamba ikamwishia, na alipojaribu kuruka ikamkaba. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Nikajipapasa mifukoni: simu, funguo, chenji. Na kisu nilikuwa nacho, tena kizuri, cha zawadi, kina vyombo kumi na tano ndani yake. Ila kilikuwa kwenye droo. Ni kinene kama kipande cha sabuni, na ukikitia mfukoni suruali yote inavutwa upande mmoja.

Mjomba akaja kwa mwendo wake uleule wa kila siku. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kijisu cha kukunja kilichonolewa miaka mingi hadi bapa lake limebaki jembamba kama jani la mwanzi, akakata kamba kwa mkono mmoja. Mbuzi akapiga chafya, akasimama. Aliishi mpaka Idi, lakini aliishi.

"Mjomba," akaniambia huku akikikunja, "kisu cha kwenye droo ni cha droo."

Wahenga walishalisema hilo: fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za visu vya mfukoni, na nimegundua kwamba historia yao karibu yote ni ubishi juu ya jambo hilohilo. Makali hayakuwa shida kubwa sana, maana watu walijua kunoa tangu zamani. Shida ilikuwa uzito na unene: utengeneze vipi kisu ambacho mtu hatakiacha nyumbani?

Kisu cha kukunja chenyewe ni cha zamani mno. Huko Hallstatt, Austria, kimechimbuliwa kimoja chenye mpini wa mfupa kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 6 kabla ya Kristo. Warumi nao walikuwa navyo. Vingi vya zamani vilishikwa na msuguano tu: bapa limebanwa kati ya pande mbili za mpini, basi. Katika karne ya 17 mafundi wa Sheffield, Uingereza, wakaeneza visu vyenye springi mgongoni, kipande cha chuma kinachokandamiza mzizi wa bapa ili likifunguka litulie na likikunjwa litulie. Kisu kikawa salama zaidi, ila kila springi ilikuwa chuma cha ziada cha kubeba.

Na sisi watu wa vitabu tuna deni hapa. Waingereza mpaka leo kisu kidogo cha mfukoni wanakiita kisu cha kalamu, kwa sababu kazi yake ya asili ilikuwa kuchonga unyoya wa bata bukini upate ncha ya kuandikia. Karani wa zama zile alikuwa pia akikwangua kosa la wino kwa ncha ya kisu hichohicho. Kwetu mwambao ilikuwa vilevile. Neno kalamu tulilipata kwa Waarabu, na kalamu yenyewe ilikuwa kipande cha tete. Aliyenakili msahafu kule Siyu au Pate alihitaji kisu chembamba kama alivyohitaji wino, maana tete halijichongi. Kabla hakijawa cha askari, kisu chembamba kilikuwa cha mwandishi.

Sasa twende Uswisi, kwa sababu huko ndiko ubishi wa uzito ulikoandikwa kwa namba.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 jeshi la Uswisi lilipata bunduki mpya, Schmidt-Rubin ya mwaka 1889. Kuifungua na kuisafisha kulihitaji bisibisi. Askari pia alikuwa anakula chakula cha makopo. Basi wakaamua kila askari apewe kisu kimoja cha kukunja chenye vitu vinne: bapa, bisibisi, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea. Hicho ndicho kisu cha mwaka 1890. Kilikuwa na urefu wa milimita 100, unene wa milimita 20.5, na uzito wa gramu 144. Na cha kuchekesha, visu vya kwanza vya jeshi la Uswisi vilitengenezwa Ujerumani, mjini Solingen, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kumudu oda kubwa namna ile.

Hapo anaingia Karl Elsener. Alizaliwa mwaka 1860, na mwaka 1884 alifungua karakana ya visu Ibach, katika jimbo la Schwyz. Lilimkera jambo hili, askari wa Uswisi kubeba kisu cha Solingen. Akawakusanya mafundi wenzake, wakaungana, na mwaka 1891 wakakabidhi visu vyao vya kwanza kwa jeshi. Ungedhani hadithi inaishia hapo, shujaa kashinda. Wapi! Viwanda vya Solingen viliuza kwa bei ya chini, wenzake wakajitoa mmoja mmoja, na Elsener akabaki na madeni yaliyokaribia kumfilisi.

Kilichomwokoa ni kukiangalia kile kisu chake mwenyewe na kukubali kwamba ni kizito. Askari hakuwa na hiari: amepewa, abebe. Lakini ofisa alinunua kisu kwa pesa yake, na mtu anayenunua kwa pesa yake hanunui jiwe. Kwa hiyo Elsener akatengeneza kisu kingine kwa ajili ya ofisa, chepesi zaidi na chenye umbo la kupendeza zaidi, lakini chenye vitu vingi kuliko cha askari: vilevile vinne, pamoja na bapa dogo la pili na kizibuo cha chupa za mvinyo. Alikisajili tarehe 12 Juni 1897. Jeshi halikukigawa rasmi kwa maofisa. Walikinunua wenyewe, na raia wakakinunua pia.

Aliwezaje kuongeza vitu na bado akapunguza uzito? Siri iko kwenye springi. Chukua springi moja mgongoni mwa kisu. Mwisho wake wa kulia unakandamiza bapa moja, wa kushoto unakandamiza jingine. Elsener akaona kwamba springi hiyohiyo ina upande wa pili, ule unaotazama nje, ambao haukuwa na kazi. Akaweka kizibuo na msharasi mgongoni, vikishikwa na springi zilezile. Kwa hiyo springi 2 tu zikabeba vyombo 6. Alikitazama tu kilichokuwepo, akakipa kazi ya pili.

Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener aliipa kampuni jina lake. Chuma kisichoshika kutu kilipoingia, mwaka 1921 likaongezwa neno *inox*, na ndipo tukapata Victorinox. Jina la kisu lenyewe kwa Kijerumani lilikuwa refu na gumu kutamka, *Offiziersmesser*, na askari wa Marekani waliokinunua baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaamua kukiita tu kisu cha jeshi la Uswisi. Dunia ikawafuata.

Wakati Uswisi wanapanga springi, ng'ambo ya pili ya mlima kulikuwa na kijana mwingine na jibu tofauti kabisa. Joseph Opinel, mwana wa mfua chuma huko Savoie, Ufaransa, alitengeneza kisu chake mwaka huohuo wa 1890. Yeye hakupanga springi, alizitoa zote. Kisu cha Opinel ni kipande cha mti kilichopasuliwa mfereji, bapa moja, pini moja na kola ya chuma. Basi. Hakina springi wala kuta za chuma ndani ya mpini. Mwaka 1897, mwaka uleule Elsener aliposajili kisu chake, Opinel akapanga visu vyake kwa ukubwa, namba 1 mpaka 12, ili kila mtu achague kinachomtosha mkono na mfuko. Namba 8, ndiyo inayojulikana zaidi, ina bapa la sentimita 8.5 na uzito wa gramu 45 hivi. Mwaka 1955 ikaongezwa pete ya kuzungusha inayofunga bapa lisikukunjikie vidole.

Turudi jeshini, maana namba za jeshi ndizo zilizonifanya niandike makala hii. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1890: gramu 144. Cha mwaka 1908: gramu 125, unene milimita 16.5. Cha mwaka 1951: gramu 90, unene milimita 13.5. Cha mwaka 1961, chenye mpini wa aluminiamu: gramu 72, unene milimita 12. Kazi ni karibu zilezile za mwanzo, kukata, kufungua kopo, kukaza skrubu, kutoboa, lakini uzito umebaki nusu kamili. Miaka 71 ya kupunguza! Na kile cha 1961 kikadumu mifukoni mwa askari mpaka mwaka 2008.

Mwaka huo wa 2008 jeshi likageuka. Kisu kipya kina msumeno, bapa lenye meno linalofunguka kwa mkono mmoja, na urefu wa milimita 111. Uzito: gramu 131. Yaani wamekaribia kurudi walikoanzia. Siwalaumu, askari wa leo ana kazi zake na anapewa kisu kwa kazi hizo. Lakini mimi na wewe hatupewi, tunanunua. Sisi ni maofisa wa mwaka 1897.

Kwa hiyo ukiniuliza leo uchague kisu gani cha kutembea nacho, nitakwambia anza na mfuko kabla hujahesabu vyombo. Kipime kwa unene kwanza: kikizidi kidole chako cha gumba, kitahamia kwenye droo, nakuahidi. Halafu jiulize kwa siku za kawaida unakata nini. Kamba, chungwa, bahasha, gunia, uzi wa nguo. Bapa moja la sentimita sita au saba linatosha. Kama umo kwenye chumvi ya bahari au unakata ndimu kila siku, chukua chuma kisichoshika kutu. Chuma cha zamani hunoleka upesi, lakini kinataka kukaushwa na kupakwa mafuta kidogo, la sivyo kitaoza kwa kutu.

Tena angalia sheria ya unakoishi. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho. Kikizidi hapo, au bapa lake likiwa linajifunga, unatakiwa uwe na sababu nzuri. Opinel namba 8, pamoja na wepesi wake, inaanguka mara mbili kwenye mtihani huo, kwa urefu na kwa ile pete. Kisu cha Uswisi cha 1961 kinapita. Na kwenye viwanja vya ndege ulinzi umekazwa tangu Septemba 2001, na kanuni hazilingani kila mahali: salama zaidi kisu kiende kwenye begi la kupakiwa chini, la sivyo huenda ukakiaga hapo mlangoni.

Kile changu cha vyombo kumi na tano bado kiko kwenye droo. Nilimpelekea mjomba aone kama kitamfaa. Alikifungua chombo kimoja kimoja, kwa heshima zote, akauliza kila kimoja ni cha nini, akafika kwenye kidude kimoja ambacho hata mimi sikujua jibu. Akacheka. Kisha akatoa kijisu chake, akanimenyea chungwa, maganda yakashuka kwa ukanda mmoja mrefu bila kukatika, akakifuta kwenye suruali na kukirudisha mfukoni mwa shati.

Nikamwuliza alikinunua wapi. Akasema hakumbuki, ni zamani sana. Nikamwuliza hajawahi kukipoteza. Akajipapasa kifuani kwanza ndipo akanijibu.

"Mjomba, hata kama kipo sikisikii. Ndiyo maana kipo."