Masale: Mmea wa Mpaka na wa Suluhu

Masale ni mmea wa msituni wenye shina jembamba na majani marefu yanayoinama kama ya mahindi. Wataalamu wa mimea huuita Dracaena fragrans na huuweka katika familia moja na mkonge. Porini huota chini ya kivuli cha miti mikubwa, kwenye misitu yenye unyevu ya Afrika ya kitropiki, na ukiachwa huweza kufikia mita 15. Maua yake meupe hufunguka jioni, yakanukia usiku kucha. Matunda yake ni ya rangi ya chungwa.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, kama ilivyo Kilimanjaro, watu wameupanda tangu enzi za mababu kuzunguka mashamba ya migomba na kahawa. Kipande cha shina kikichomekwa udongoni wakati wa mvua huota mizizi, na kikikatwa huchipua tena. Hapo ndipo ulipo ubora wake. Jiwe la mpaka laweza kusogezwa usiku mmoja, lakini mstari wa masale makongwe hauhami kimyakimya: mche mpya hujulikana kwa wembamba wa shina, na shimo la uliong'olewa huonekana asubuhi. Katika mashauri ya ardhi, masale hutajwa kama ushahidi wa mpaka hadi mahakamani.

Mmea huohuo ndio wa kuombea radhi. Kwa desturi ya Wachaga na ndugu zao Wameru, aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyekosewa, au humtuma mzee wa ukoo alipeleke. Kulikataa ni jambo zito, hata kwa aliyeumia sana. Hunigusa kila nikifikiria kwamba majirani waliogombania mstari wa masale huweza kuchuma jani la suluhu kwenye mstari huohuo. Kwa Wamaasai, kazi kama hiyo hufanywa na nyasi zinazoshikwa mkononi.

Masale ya mapambo, yenye mstari wa njano katikati ya jani, hukuzwa kwenye vyungu majumbani na maofisini duniani kote. Mbwa au paka akiyatafuna hutapika. Mjini Arusha, ambako kuta za matofali zimechukua nafasi ya nyua nyingi, utayakuta kwenye chungu mapokezini, na kwa safari fupi ya daladala kuelekea Usa River utayaona yangali yamesimama mpakani.